Suruali ya Papa Likunde

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yangu hupata moto. Niliikumbuka tena Jumamosi, uliponiletea ile sanamu yako ya nta, ya mama anayeuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, ukaniambia mteja anaitaka bila miwani. "Anasema Mwafrika wa kweli havai miwani," ulisema, huku unacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuomba uende nyumbani, maana nilihisi nitakutukana, na mtu wa umri wangu akitukana anakohoa siku nzima. Sasa nimetulia. Si sana. Kaa hapo unisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala hapa Kisangani. Nilikuwa nimetoka shule ya sanaa na diploma yangu, nikapata kazi kwa Papa Anselme, ambaye karakana yake ilikuwa upande wa Tshopo, mahali ambapo watu wakinyamaza unasikia maporomoko. Papa Anselme hakuwa na diploma. Alianza kwa kutengeneza vyuma vya mashua, akajifunza mwenyewe kumimina sanamu za bronzi, na vijana walitoka hata Isangi kuja kufundishwa naye. Mimi nilikuwa kijana wa kufikiri mno. Nikitumwa misumari nilisimama dukani nikijiuliza kama mirefu ingefaa zaidi, na kama nikinunua mirefu watasema najifanya mjuaji, mpaka mwenye duka anifukuze.

Kazi yenyewe ilikuwa hii hii unayoifanya. Unachonga umbo kwa nta, unalivika udongo, unalichoma mpaka nta yote itoke, na pale ilipokuwa nta unamimina bronzi. Nta ikishatoka, kosa lako limebaki ndani ya udongo. Hulioni tena na huwezi kulifuta.

Basi ofisi moja ya serikali iliagiza sanamu ya mvuvi wa maporomoko, iwekwe mbele ya mlango wake. Papa Anselme akamwomba Papa Likunde aje tumtazame tukichonga. Alikuwa mvuvi wa kabila la Wagenya, mmoja wa wale wanaofunga vikapu vikubwa kwenye miti katikati ya maji makali. Alikuja amevaa shati jeupe na suruali ya misa, iliyopigwa pasi ya makaa na mkewe, Mama Béatrice, mpaka mkunjo wake ukasimama kama ubao.

Nilimtania. "Papa, unavua samaki na suruali ya misa?"

"Ku maji navaa kipande ya nguo," alijibu. "Lakini wewe, mutoto, siku unaenda kupigwa photo, unavaa nguo ya kulala?"

Karakana nzima ilicheka, na mimi ndiye niliyechekwa. Papa Anselme akamwambia, "Suruali itabaki. Nimesema." Tukamchonga hivyo: miguu mitupu juu ya jiwe, kikapu begani, suruali na mkunjo wake.

Nta ilipokamilika, Papa Anselme alikwenda Bengamisa kutafuta nta nyingine kwa wafuga nyuki. Aliniambia maneno mawili tu: "Ivike udongo." Kesho yake bwana wa ile ofisi akaja. Alizunguka ile sanamu, akagonga suruali kwa kalamu.

"Huyu ni karani," alisema. "Wageni wetu watajuaje ni mvuvi? Mvueni."

Halafu akaniangalia mimi, nimesimama mbele yake na suruali iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, na wala hakuona kitu. Wala mimi sikuona. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, mwanangu, na haijaisha hadi leo. Mtu aliyeishi nasi miaka yote ile, aliyetuona kanisani na sokoni na nguo zetu, alitaka mbele ya mlango wake mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa sababu huyo ndiye aliyempendeza. Na mimi mwenye diploma nikasema, "Oui, monsieur." Ndiyo, bwana.

Alipoondoka nilifikiri. Lo, nilifikiri! Nikikataa, tutapoteza kazi. Nikimsubiri Papa Anselme, tutachelewa. Nikibadilisha, Papa Anselme atakasirika, lakini labda atafurahi kwamba nimeiokoa kazi, lakini labda atasema namdharau. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma, nikafikiria kila mtu isipokuwa mmoja. Nyumba ya Papa Likunde ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sikwenda.

Nikapasha kisu moto nikaikwangua suruali. Nikachonga mapaja, nikachonga mashavu ya miguu, nikamwachia kitambaa kidogo mbele. Na nikuambie ukweli wote: nilijisifu. Ilikuwa miguu mizuri kuliko kitu chochote nilichochonga shuleni. Kisha nikaivika udongo haraka, kama mtu anayefukia kitu. Papa Anselme aliporudi akauliza, "Yote sawa?" Nikasema, "Sawa, Papa."

Siku ya kumimina, Papa Likunde alikuja na Mama Béatrice na watoto, wote wamevaa vizuri. Nta ilikuwa imeshatoka. Bronzi ilikuwa imeyeyuka, rangi ya papai lililoiva, na wanaume wawili walishakinyanyua chungu kwa koleo. Papa Likunde akaniinamia.

"Alors, mutoto, mukunjo utaonekana? Mama Béa alipiga pasi mara mbili, donc usimuangushe."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Papa, simamisheni. Hakuna suruali."

Hakuna aliyeelewa, ikabidi niseme tena, na kueleza, mbele ya watoto. Papa Anselme aliwaonyesha wale wawili wamimine bronzi yote mchangani. Ndipo akanigeukia.

"Ulimuuliza?"

"Bwana wa ofisi alisema..."

"Bwana simuulizii. Ulimuuliza mwenye miguu?"

Papa Likunde hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Bibi yangu iko hapa," alisema. "Ungenisimamisha uchi mbele ya ofisi, wajukuu wapite pale kila siku na watu waseme, huyu ndiye nkoko wenu. Na mimi nilisema ndiyo wapi?"

Mama Béatrice aliwashika watoto mikono, akawatoa nje.

Papa Anselme akanipa nyundo. Nililivunja lile ganda la udongo mwenyewe, na ndani ya vipande niliona alama za ile miguu mizuri niliyoichonga, kila mshipa mahali pake. Sikuweza kuiangalia.

Tulianza upya. Papa Likunde alikubali kurudi, kwa heshima ya Papa Anselme, si yangu. Safari hii, kabla ya udongo, Papa Anselme aliiweka nta mbele ya Papa Likunde. Mzee akaizunguka, akapitisha kidole juu ya mkunjo wa suruali, akasema, "Ni mimi." Ndipo tukaivika. Tangu siku ile hakuna sanamu ya mtu iliyoingia udongoni katika karakana ile kabla mwenyewe hajasema maneno hayo mawili.

Bwana wa ofisi aliikataa. Hatukupata tena kazi ya ofisi yoyote. Papa Anselme alirudi kwenye vyuma vya mashua, na jioni alitufundisha uani, sisi tumekaa kuizunguka sanamu ya mvuvi mwenye suruali. Alifundisha hivyo mpaka mikono ikaanza kutetemeka, ndipo nikashika mimi nafasi yake. Hakunikumbusha kosa langu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko nyundo. Sasa sanamu hiyo iko nyumbani kwa ukoo wa Papa Likunde. Magoti yake yanang'aa, kwa sababu watoto huyapanda. Mkunjo bado unaonekana.

Nimefundisha maisha yangu yote, na kila kizazi anakuja mtu na maneno yaleyale. Mvue viatu. Mwondolee saa. Sasa ni miwani ya mama wa watu, anayoihitaji ili asipunjwe sokoni! Nani aliwapa ruhusa ya kutuvua?

Basi shauri langu ni hili. Kesho asubuhi ifunge ile nta kwenye kitambaa chenye maji isiyeyuke, uende nayo sokoni, uiweke mbele ya yule mama. Usimweleze mteja anataka nini. Mwache aitazame na miwani yake. Akisema "Ni mimi," ivike udongo. Akisema siye, urudi ukae chini uchonge tena. Na mteja akienda zake, mwache aende. Utakosa kazi moja, lakini hutaishi na masikio kama haya yangu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe moto usiozimika na wanafunzi wabishi. Na siku mtu atakapotaka kukuchonga wewe, Mungu amkumbushe kuja kwanza mlangoni kwako, abishe hodi, akuulize utavaa nini.