Ugonjwa Tuliouita Huzuni

Katikati ya miaka ya tisini, kambi ya Dzaleka huko Malawi ikiwa bado changa na wenyeji bado wakiiita jela, kwa kuwa zamani ilikuwa gereza, sisi sote tulikuwa tunaumwa kichwa. Ilikuwa sehemu ya salamu: umeamkaje, na kichwa je? Tulitoka Burundi na Rwanda, wengine kwa kupitia Zaire, na hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wake aliyebaki njiani. Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipoanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi, hakuna aliyeshtuka.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na kule Rumonge, Burundi, nilikua mgongoni kwake. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, wa kuanzisha nyimbo kanisani hata kabla mchungaji hajaketi. Kwetu aliuza mawese. Dzaleka aliuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Malawi, juu ya gunia mbele ya nyumba yake. Alikuwa akichota dagaa kiganjani, ananusa, na papo hapo anakwambia kama walianikwa juani au walikaushwa kwa haraka siku ya mawingu.

Pua ndiyo iliyotangulia kumwacha. Siku moja niliingia kwake nikakuta moshi umejaa nyumba, maharage yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi, naye ameketi kando ya jiko akichambua mboga kwa utulivu.

“Yaya, husikii harufu?” nilimuuliza, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo.

“Harufu ya nini?”

Baadaye wanunuzi wakaanza kumrudishia dagaa waliooza. Aliwatazama kana kwamba wanazungumza habari za mtu mwingine. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu aliyekuwa akijivunia biashara yake hata ugenini, sasa hakujali.

Kisha akaacha kuimba. Akaacha kuoga mpaka aambiwe. Kwenye msiba wa jirani alicheka katikati ya maombi, na alipoguswa begani aliendelea kucheka. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Dada alimtolea mbele ya watu maneno ambayo mke hamwambii mume hata wakiwa peke yao. Jumapili moja alijikojolea kwenye benchi la kanisa, akabaki ameketi hapohapo bila aibu. Shemeji alivumilia miezi, halafu akahamisha mkeka wake kwenye chumba alichokodi cha kushonea, na watu wakasema ndoa imekwisha.

Akina mama wa maombi walikuja, wakamwekea mikono, wakakemea roho ya huzuni. Wengine walisema vita vimemfikia sasa. Ilikuwa rahisi kuamini. Alitoka Burundi na watoto wawili, na Malawi hatukufika nao. Tangu hapo sikuwahi kumwona akiwalilia. Kwa hiyo nami nilijiambia, huu ndio msiba wao, umetoka kwa njia yake.

Kilichotuamsha ni jicho. Alianza kugonga mwimo wa mlango kwa bega la kulia, kila mara lile lile, na asubuhi alikuwa akitapika kabla hajatia kitu mdomoni. Nesi wa kliniki ya kambi alimziba jicho la kushoto kwa mkono, akamwonyesha vidole. Dada hakuona kitu. Nesi aliandika barua papo hapo. Alitutafutia nafasi kwenye gari la wagonjwa lililokuwa likienda Lilongwe.

Hospitali ilimpa kitanda. Shemeji alipata pa kulala kwa Mrundi mwenzetu aliyepanga chumba mtaa wa Kauma, nami nilibaki uwanjani pamoja na wengine waliokuwa wakiuguza ndugu zao, tukipika nsima, ugali wa Malawi, kwenye mafiga na kuingiza sahani wodini saa ya kulisha. Daktari aliyemwona alikuwa Mzaire, mtu wa Lubumbashi. Niliposikia Kiswahili chake, nilianza kumweleza yote bila kungoja kuulizwa.

Alimwambia dada afumbe macho, akamsogezea kipande cha sabuni puani, kisha ganda la chungwa. Dada alisema hakuna kitu. Akamulika ndani ya macho yake kwa kijitaa, kwa muda mrefu, jicho moja kisha lingine. Halafu akatuita nje mimi na shemeji, tukaketi kwenye benchi.

“Huyu mama hana pepo,” alisema. “Na hii si huzuni. Iko kitu kinaota ndani ya kichwa.”

Shemeji aliuliza kama ni kansa. Daktari alisema vimbe za kichwani si za namna moja. Zipo zinazozaliwa ndani ya ubongo wenyewe, zikatambaa kama maji yanavyoingia kwenye unga, hata mpasuaji hawezi kuona ubongo unaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi. Zipo zinazotoka kwingine, kwenye titi au pafu, zikahamia kichwani. Ipo inayokaa kwenye mshipa wa sikio, mtu akaanza kwa kusikia mvumo, kisha akawa kiziwi upande mmoja. Za watoto hupenda kukaa kisogoni, na mtoto akaanza kuyumba akitembea. Halafu ipo inayoota kwenye utando unaofunika ubongo. Hiyo hukua polepole, miaka na miaka, na mara nyingi si kansa. Haiui ubongo kwa kuutafuna, inausukuma tu.

Alidhani ya dada ilikuwa hiyo ya mwisho, nyuma ya paji la uso, juu ya pua. Ndiyo maana harufu ilitangulia kupotea, kisha tabia, kisha jicho. Mshipa wa jicho la kulia ulikuwa umepauka, wa kushoto umevimba. Lakini mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa haikuwepo, kwa hiyo hakuweza kuapa.

“Basi ni ile nzuri,” shemeji alisema.

Daktari alitikisa kichwa. “Ni nzuri kama iko mutu wa kuitoa. Hapa hatuna.”

Aliomba dada apelekwe nje ya nchi. Nilimwona akihangaika, akienda na kurudi kwenye ofisi. Haikuwezekana.

Alichoweza ni kumpa vidonge vya kupunguza maji yaliyouzunguka uvimbe. Alituonya kwamba uvimbe wenyewe hautaguswa. Siku chache baadaye niliingia na sahani ya nsima, dada akanikazia macho.

“Mudogo wangu, mbona umekonda hivi?”

Niliweka sahani chini nikatoka nje, nikalia nyuma ya ukuta wa wodi. Niliporudi alikuwa ananawa mikono ili ale. Aliuliza mume wake yuko wapi. Aliuliza gunia lake la usipa ameachiwa nani. Jioni ile alitaja majina ya watoto wake, la kwanza na la pili, akaanza kulia. Alilia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama. Ndipo nilipoiona huzuni yake yenyewe. Haikufanana hata kidogo na kile tulichokuwa tukikiita hivyo.

Tulirudi naye Dzaleka. Shemeji alihamisha cherehani ikakaa nyumbani. Dada aliimba tena, kwa sauti ya chini, na kila alipowakumbuka wanawe alilia, nasi tulimwacha alie. Mvua zilipoanza kukolea, vidonge vikashindwa. Akawa mtu wa kulala. Alifariki mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe. Kwenye mazishi mama mmoja wa maombi aliniuliza kama angepona mahali pengine. Nilimjibu kwamba huenda.

Shemeji alihamia mji mdogo wa Madisi kushona. Siku moja alikuja kunisalimu na mfuko wa karanga, tukakaa tunabangua. Akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba zile wiki nzuri za vidonge dada alitaka kujua kama yeye, mumewe, alikuwa amemkasirikia.

“Nikamwambia hapana.”

“Ilikuwa kweli?”

“Hapana.”

“Naye alijua?”

“Alijua,” alisema. “Akanisogezea mukeka, nilale karibu yake.”

Tulimaliza karanga, nikamsindikiza mpaka barabarani, tukasimama pamoja kungoja gari.