Wanafunzi Wamepiga Kula

Gulioni Bugarama chuo kikuu kimoja kilisimamisha hema, na afisa udahili, Msukuma mwenzetu mwenye tai, akatangaza mkakati: majengo mapya, kupanda kwenye renkingi ya vyuo, wanafunzi kuridhika. "Wanafunzi wetu wamepiga kula," alisema kwenye maiki, "na wengi wameridhika."

Ile R ilimponyoka, kama inavyotuponyoka wengi huku. Watu walicheka. Mama mmoja aliyekuja na binti yake hakucheka.

"Mwalimu, kula wakiwa chuoni nimeelewa. Wakimaliza je, wanaendelea kula?"

Afisa akatoa tabasamu la semina. "Mama, tumepanda nafasi nyingi sana."

Hapo nilishindwa kunyamaza. Degree ninayo, kazi sina. "Mkuu, excuse me, graduate ndiye huyu hapa. Niangalie vizuri, halafu uridhike wewe."

Mama akamshika binti mkono ili waondoke. Binti hakusogea. Alinigeukia mimi: "Kaka, ungeanza upya, ungesoma?"

Nilitaka kusema never. Ulimi ukanisaliti. "Ningesoma. Ila hilo swali la mama yako ningeliuliza siku ya kwanza, siyo baada ya kuvaa joho."

Afisa alizima maiki, akakuna shingo. "Kusema kweli, mama, swali hilo kwenye mkakati wetu halimo."

Mama akauachia mkono wa binti. "Basi atakuja nalo huyu."

Wakuu wa vyuo, be warned: anakuja mwanafunzi asiyeridhika upesi. Mkimjibu huyo, renkingi itapanda yenyewe.