Sifuri ya Wanzala

Ukiingia kwa nyumba ya Wanzala huko mtaa ya Congo, Kawangware, hautapata tundu hata moja ya msumari imeachwa wazi. Mabati za zamani huwa na matundu mob, asubuhi jua inakuingilia hadi kwa kitanda. Kwake hapana. Ameziba zote na sabuni ya kipande. Mvua ikinyesha sabuni inayeyuka, anapanda stuli, anaziba tena. Majirani wanasema mzee anaogopa kuchunguliwa. Mimi najua anaogopa vumbi. Si ya barabara, ni ile inacheza ndani ya mwangaza jua ikipenya kwa tundu.

Wanzala ni mtu wa Busia. Alikuja Nairobi kubeba mawe mjengo, mgongo ikakataa, akapata kazi ya kuosha vibanda vya mbwa kwa kliniki moja ya wanyama, hapo ukivuka kutoka Gatina unaingia kwa matajiri. Ameosha miaka kumi na nne. Mimi nilimpata huko. Nilikuwa nimeacha shule form two, nimejaribu car wash, nimejaribu boda, hakuna penye nilimaliza miezi sita. Natembea kutoka Kianda, Kibera, mpaka kazini, na kila wiki nilikuwa namwambia, "Mzee, hii ni ya mwisho, mimi naenda." Ananiambia, "Enda, lakini kwanza maliza kile kibanda ya mwisho."

Daktari wetu anaitwa Nzuki. Ni mama mpole lakini kwa kazi hana mchezo. Yeye ni wa macho. Mbwa pia hupata mtoto wa jicho, hata wengi, jicho inakuwa nyeupe kama imemwagiwa uji. Daktari anaitoa. Watu hudhani kazi imeisha hapo. Wanzala alikuwa anasema hapo ndio inaanza, juu jicho ikishapasuliwa hukasirika. Inawaka ndani. Ikiwaka na hujajua, inaharibika kabisa, na hakuna kurudi.

Sasa unajuaje imewaka, na mbwa haongei? Unaingia chumba ya giza. Unapitisha kwa jicho taa nyembamba kama uzi. Ndani ya jicho kuna maji. Kama maji ni safi, ile taa inapita hauioni, ni nyeusi tu. Kama jicho imekasirika, maji inachafuka, na taa inaonekana ikipita, kama jua kwa tundu ya mabati. Vumbi kidogo sana, unaandika nusu. Halafu moja, mbili, tatu. Nne ni kama maziwa. Safi kabisa ni sifuri. Hiyo namba ndio inaamua dawa ya matone, kama mbwa anabaki na mara nne kwa siku ama anapunguziwa.

Daktari alikuwa na sheria. Watu wawili wanapima, kila mtu anaandika namba yake kwa karatasi bila kuonyesha mwenzake, halafu zinalinganishwa. Zikikataana mnarudia. Huyo mtu wa pili alikuwa Wanzala. Si ati alisomea. Siku moja alikuwa anashika tu mbwa, daktari akamwambia achungulie kidogo ajionee. Wanzala akachungulia, akasema, "Hii iko na moshi kidogo, daktari." Daktari alikuwa ameshaandika sifuri. Akarudia. Moshi ilikuwa hapo.

Tangu hiyo siku akawa na sheria zake pia. Mbwa hashikwi shingo, anashikwa kifua, juu ukifinya shingo unafinya jicho. Kabla kupima, mnakaa gizani dakika tano bila kuongea, mpaka uone ndevu za mbwa. Na simu zote zinaachwa nje, kwa mkebe ya majani chai hapo kwa mlango. Mwangaza ya simu inaharibu macho yako, unakuwa kama kipofu kwa muda. Aliwahi nifukuza juu nilisahau yangu kwa mfuko. "Wewe Austo, toka! Unataka nione nini sasa, sura yako?"

Ndio nikuambie ya Chairman.

Chairman ni mbwa ya Kabiru, ule jamaa ako na yard ya mbao Gatina. Mbwa kubwa, rangi ya mchanga, macho yote mbili zilikuwa nyeupe. Daktari alikuwa anatafuta mbwa kumi za kufanyia utafiti wa dawa, bure, na Kabiru akamleta. Ilikuwa ifanywe jicho ya kushoto kwanza, ya kulia baadaye. Ya kushoto ikaenda poa. Kabiru alikuwa anamwekea matone mwenyewe, akilalamika. "Mara nne kwa siku! Mimi mwenyewe sijawahi kunywa chai mara nne." Lakini wiki ya kwanza Chairman aliona paka juu ya mbao akamkimbiza, na Kabiru akaambia kila mteja hiyo story.

Wiki ya pili ilikuwa ya kupima kama matone yapunguzwe. Hiyo siku daktari aliitwa mbio kwa ng'ombe ya mtu, akavunja sheria yake, akamwachia Wanzala apime peke yake. Mimi nilikuwa nyuma naosha vibanda. Kuna picha ilikuwa inazunguka kwa simu za watu, mbuzi amevalishwa sweta ya shule na tai. Nikacheka, nikaituma kwa kila mtu najua. Nikaituma kwa Wanzala.

Jioni kadi ya Chairman ilikuwa imeandikwa sifuri, na herufi W. Kabiru akaambiwa apunguze matone, mara moja kwa siku. Akaenda akipiga mluzi.

Wiki moja baadaye akarudi akimvuta Chairman na kamba, mbwa hataki kutembea.

"Daktari, huyu amekataa kula. Anasugua uso kwa mbao mpaka anatoka damu."

Jicho ya kushoto ilikuwa nyekundu kando na katikati ya bluu, imefura, ngumu kama gololi. Daktari akapitisha taa. Hakusema namba. Alishinda na yeye siku mbili, sindano, matone ya kila saa. Jicho ikanyamaza, lakini kuona haikurudi.

"Wakati mwingine hutokea," daktari akamwambia Kabiru. "Ilipimwa ikawa sifuri, na bado ikawaka. Sio kosa ya mtu. Huyu macho yake ndio iko hivyo."

"Na hiyo ya kulia?"

"Ya kulia sitaigusa. Itawaka kama hii, na atapata uchungu ya bure. Bora akae hivi."

"Akae kipofu?"

"Akae bila maumivu."

Wanzala ndiye alikuwa amemshika kifua. Chairman alitafuta mkono yake na pua, akaipata, akaweka kidevu hapo, vile alikuwa amezoea. Wanzala akaangalia ukuta.

Kutoka hapo mzee alibadilika. Hakula na sisi. Alikuwa anaacha maji imefunguliwa mpaka inafurika kibanda. Siku moja saa sita mchana namtafuta simpati, nikafungua chumba ya giza. Alikuwa ameketi ndani peke yake.

"Mzee, unafanya nini huku?"

"Funga mlango. Napima."

"Unapima nini na hakuna mbwa?"

"Napima ile siku."

Nikafunga, nikabaki ndani. Nilimsikia tu, sikumwona.

Alisema Mitchelle, binti yake, alikuwa kwa basi akitoka Busia hiyo siku. Wiki kabla ya hapo basi lilikuwa limeanguka kwa hiyo barabara. Kwa hivyo hakuweka simu kwa mkebe. Aliiweka kwa mfuko, akajiambia ikilia tu ndio ataangalia. Amekaa gizani na Chairman, dakika ya nne, simu ikatetemeka. Akaitoa.

"Ilikuwa mbuzi," akasema.

Nikajua ni ile yangu.

"Mbuzi amevaa tai. Na nilicheka, Austo. Hiyo ndio inaniuma. Nimeshika jicho ya mbwa ya mtu hapa, nacheka."

Alipozima simu, kila mahali alikuwa anaona box ya bluu inaelea. Alifaa aanze tena dakika tano. Lakini Kabiru alikuwa anagonga mlango, mteja anamngoja kwa yard. Wanzala akachungulia. Akaona nyeusi.

"Sikuona kitu," akaniambia. "Na kutoona kitu ndio sifuri. Nikaandika. Sasa sijui. Pengine ilikuwa sifuri ya ukweli. Pengine vumbi ilikuwa hapo imejaa. Narudi huku kila siku naangalia, na hiyo kitu sitawahi jua."

Nilimwambia kitu naona aibu kuandika. Nilimwambia, "Mzee, nyamaza tu. Hakuna mtu anajua." Nilikuwa najiongelea mimi.

Halafu akauliza, "Na ile ya kulia?"

Hiyo ya kulia ilikuwa inafungwa milele juu ya namba yake. Daktari aliamini mbwa ana macho mabaya, na pengine mbwa hakuwa na shida yoyote.

Kesho yake asubuhi alienda na kadi kwa ofisi ya daktari. Mimi nilikuwa napiga deki kwa corridor, mlango imeachwa nusu. Nilisikia yote. Daktari hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliuliza, "Nani alikutumia hiyo kitu saa ya kazi?"

Wanzala akasema, "Ni simu tu, daktari. Ilikuwa kwa mfuko yangu."

Nilikuwa na mop kwa mkono. Ilikuwa hatua tatu niingie niseme ni mimi. Sikuingia.

Daktari alikata ile sifuri na kalamu nyekundu, akaandika kando, haijulikani. Akasema Chairman atafanyiwa ya kulia, ile nyingine ikishatulia kabisa, lakini mwenye mbwa lazima aambiwe kwanza, na ataambiwa na Wanzala mwenyewe.

Nilienda na yeye. Kabiru alikuwa anapasua mbao, alipotuona akazima mashine. Wanzala akamwambia bila kuzunguka.

"Simu?" Kabiru akauliza.

"Simu."

Kabiru akafuta unga wa mbao kwa kope. Akasema pole pole, "Na mimi ndio nilikuwa nagonga mlango."

"Wewe ulikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na kazi."

"Nani alikupigia?"

Wanzala akafungua mdomo, na nikajua atanificha tena. Nikasema, "Hakuna alipiga. Ilikuwa picha. Mimi ndio nilituma. Ya mbuzi."

Kabiru akanigeukia. "Mbuzi ya aina gani?"

"Amevaa sweta ya shule. Na tai."

Uso yake ikaanza kucheka, yenyewe tu, kabla aizuie. Hapo hapo Chairman alikuwa anakuja kwa sauti zetu. Akagonga mbao na paji la uso, akarudi nyuma, akaigonga tena mahali pale pale. Kicheko ikamfia Kabiru mdomoni. Akaenda akamshika, akamleta mpaka kwa Wanzala.

"Ya kulia utapima wewe," akasema. "Lakini hiyo simu utaniachia mimi hapa."

"Sitapima tena. Nitamshika."

Na hakupima tena. Daktari alimbembeleza, akakataa. Akarudi kuosha vibanda na kushika mbwa, na kunifundisha mimi. Miezi miwili nilikaa kwa hiyo giza na yeye, mbwa baada ya mbwa, nikitaja namba na yeye akiuliza kitu moja tu, "Una uhakika?" Siku hizi sisemi tena ati naenda.

Ya kulia ya Chairman ikafanywa. Wiki ya pili niliandika nusu. Daktari kwa karatasi yake aliandika nusu. Matone ikabaki mara nne kwa siku, Kabiru akalalamika mpaka nje ya gate. Mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa sisi wote wawili tuliandika sifuri. Wanzala akiwa amemshika kifua akauliza, "Una uhakika?" Nikakaa dakika tano tena, nikarudia. Akauliza tena. Nikarudia mara ya tatu. Chairman akachoka, akapiga miayo, akatuangalia na hiyo jicho moja, mmoja mmoja, kama anatuhesabu.

Saa hizi anakimbiza paka akitokea kulia. Akitokea kushoto, paka anapita pole pole.

Jumapili iliyopita nilienda Congo kumsalimia mzee. Tunakunywa chai, jua ikakuwa kali, sabuni ya tundu moja hapo juu ya mlango ikakauka ikaanguka kwa sakafu. Jua ikaingia kama uzi, ikapita katikati yetu. Vumbi ikaanza kucheza ndani. Wanzala aliweka kikombe chini.

"Austo. Hiyo ni ngapi?"

"Ni tatu, mzee."

"Una uhakika?"

Nikaangalia tena. "Tatu."

Akaitikia na kichwa, akavuta stuli, akachukua kipande ya sabuni.