Unga Chini ya Boti

Juzi niliingia hadiwea moja mjini kutafuta kitu cha kuzibia sinki langu. Mwenye duka alinifungulia mrija wa silikoni, na harufu ya siki ikanipiga puani. Papo hapo nikawa na miaka tisa tena, uani kwetu Jamhuri, nimechuchumaa chini ya boti ya baba.

Ndiyo, rafiki yangu, boti. Tena mtaani Jamhuri, ambako maji ya mfereji yenyewe yalikuja kwa mgao, siku moja kwa wiki. Nyanya yangu, mamake baba, alikuwa amekuja kwetu kutibiwa magoti, na sasa alitaka kurudi kwake kisiwani, kule ziwani. Lakini tangu babu azame, aliapa kutokanyaga chombo kinachovuja. Basi baba, karani wa ofisini asiyejua hata kushika spana, akanunua boti kuukuu ya faibaglasi na kumfungia humo kiti cha chuma, maana magoti yale hayakukubali kukaa chini. Boliti nne zikatokeza chini ya boti. Sasa zizibwe na nini?

Mwenye duka aliyemuuzia baba silikoni enzi hizo alikuwa amemwambia mapema, "Mzee, hii nyeupe ni ya bafu. Ya boti ni hii nyeusi. Ikishika, imeshika." Baba alivyo mbishi, akaja na nyeupe.

Nyanya ndiye aliyejua kupima. Boti iliinuliwa juu ya mawe, ikajazwa maji kwa ndoo huku mama akinung'unikia mgao wake. Kisha nyanya akaweka vifuniko vinne vya sufuria chini, kila kimoja chini ya boliti yake, na kuvinyunyizia unga mkavu. Unga ukilowa, boti inavuja. Tukaingia ndani kunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha.

Mimi nilitoroka mezani. Kila usiku nyanya alilala kitandani kwangu, akinikuna mgongo mpaka usingizi unichukue, na sikutaka aende popote. Nikachovya kidole kwenye ndoo, nikadondosha tone moja kwenye unga.

"Inavuja," nyanya akasema alipokuja kutazama.

Baba akanuna, akarudi mjini. Wiki iliyofuata, maji yalipokuja, alikuwa amepaka aina nyingine, ya vioo vya magari. Nikadondosha tena. Wiki ya tatu akaja na ile nyeusi, kimya kimya.

Safari hiyo kidole changu kilikuwa tayari juu ya unga nilipoona miguu ya nyanya kando yangu.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote, "mara ya kwanza nilikuona. Ya pili pia. Nilinyamaza kwa sababu hata mimi nilikuwa bado sijashiba kukaa na wewe. Lakini hii ya leo iache. Nataka kufika kwangu nikiwa bado natembea."

Nikakifuta kidole kwenye sketi yangu. Unga ukabaki mkavu, baba akapiga makofi, na siku lori lilipomchukua nyanya na boti yake nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Ua ule sasa ni ghorofa, na nyanya amezikwa kisiwani kwake. Baba huwaambia watu hadi leo kwamba ile nyeupe ni takataka tupu. Haikuvuja hata tone, lakini simwambii. Ilinipa wiki mbili zaidi na nyanya.