Glavu ya Mkono wa Kulia

Sijawahi kujua kutulia, na golini ndiko ninakohangaika zaidi. Mpira wa magongo wa barafuni una kipa kama soka, ila kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu, na kinakuja kasi mno. Kipa wa kawaida hushika gongo kwa mkono wa kulia na kudaka kwa wa kushoto, ndani ya glavu kubwa. Mimi ni kinyume chake.

Kosa ni la mama, au sifa ni zake, bado sijaamua. Nilizaliwa mtu wa mashoto, na kwetu Bukavu kitu hakipokelewi kwa mkono huo. Wakati wa kula mama aliufunga kwa kitambaa. Akikupa kitu, hakiachii mpaka ulete wa kulia. Hapa Johannesburg ameendelea hivyo hivyo, mbele ya wateja wake wa kushona pale Jules Street, nami ni mtu mzima. Basi wa kulia ukajifunza kupokea, na wa kushoto ukabaki na nguvu zake kimyakimya.

Nilikuwa nikifanya kazi ya kukodishia watu viatu vya barafuni uwanjani timu ya wanawake ilipokosa kipa. Faida niliiona siku ya kwanza. Wapigaji wamezoea kulenga kulia kwa kipa, kwenye gongo, maana huko hakuna glavu. Kwangu glavu iko huko huko, nami nilicheka peke yangu ndani ya kofia. Hasara ni kwamba glavu zote za klabu zilikuwa za kushoto. Wiki kadhaa nilidaka na mojawapo niliyoivaa kinyume, mpaka kidole gumba kikavimba. Kocha akaniambia nipate glavu inayonifaa kabla ya mechi ya Jumamosi, la sivyo ataingia mwingine.

Niliwaka hasira. Nilizunguka madukani, sikupata kitu. Ijumaa asubuhi nikampelekea mama ile glavu mbovu. Aliigeuzageuza, akauliza mkono wa pili unafanya kazi gani. Nikamwambia ndio unaoshika gongo, na aibu ikanishika kama mtoto. Akaanza kuifumua, akakata ngozi, akashona upya, huku mimi nikienda mlangoni na kurudi, mpaka akanituma nje nikahesabu magari kwenye robot, taa za kuongozea magari. Alipomaliza, kwa pupa niliinyoshea mkono wa kushoto. Akaivuta nyuma.

“Leta mukono ya kuume,” akasema.

Jumamosi alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza, amejifunga kitenge juu ya koti. Kipindi cha kwanza glavu yake ilidaka karibu kila kitu. Kufika cha tatu, cha mwisho, wapinzani walikuwa wameshanijua, wakahamia kushoto kwangu. Dakika ya mwisho, tukiongoza kwa bao moja, kisahani kikaja chini upande huo, mbali na glavu, na ule mkono uliofungwa kitambaa utotoni ukakitoa kwa gongo kabla sijafikiri. Kocha akasema golini nibaki mimi.

Nikapanda jukwaani alipokaa mama. Alikuwa amemimina chai kutoka kwenye chupa, akaninyoshea kikombe. Nikahangaika kuvua glavu kwa meno, ili mkono wa kulia uwe huru.

“Kamata tu,” akasema.

Nikapokea kwa wa kushoto, naye akakiachia.