Prosesa ya Ng'ombe na Ndama Wake

Ng'ombe jike na ndama wake. Hiyo ndiyo bei ya kompyuta ya kwanza nyumbani kwetu Butiama, na sikuongezei chumvi, maana ng'ombe huyo nilimchunga mwenyewe.

Juzi nilipanda kutoka Musoma, ninakotengeneza kompyuta, kumsalimia baba. Ile mashine bado iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikasema niitoe vumbi. Nje ina stika ya Pentium Four, kama ilivyokuwaga. Nikafungua. Rafiki yangu, prosesa ya Four, ule ubongo wa mashine, ni kidude bapa kama biskuti. Hii ilikuwa imesimama kama kaseti ya redio. Nikafuta vumbi nikasoma, nikafuta tena nikasoma tena: Pentium Two.

Miaka ile baba alikuwa dalali mnadani Bunda. Mimi nilimfuata kwa ajili ya harufu ya nyama ya kuchoma na kelele za wanunuzi. "Sikio halinunui ng'ombe," alikuwa anasemaga, kisha anampanua mnyama mdomo kuhesabu meno.

Basi siku tuliyokwenda Musoma kwa baba mdogo, msomi wa ukoo aliyeuza kompyuta zilizotumika, baba alizipima kimnada. Mbili mezani, zote zinawaka. Akanyanyua moja, akanyanyua nyingine. Akaweka kiganja nyuma kusikia joto. Moja ilikuwa nyepesi, imepoa, kimya. Nyingine nzito, ya moto, inanguruma kama mashine ya kusaga.

"Hiyo kimya inaumwa," baba akasema. "Dume ni hili."

Baba mdogo akacheka. "Kaka, jicho lako halikosei! Two ilikuwa ndama, Three dume changa. Hii ndiyo Four, fahali mwenyewe. Ngoja niipige chapa kabisa."

Akatoa stika kwenye droo, akaibandika mbele yetu. Baba akafurahi sana. Kwetu mnyama mwenye chapa hana maneno.

Nyumbani nilikuwa naiwasha mama anapoinjika maji ya ugali; ugali unaiva, dagaa zinakaangwa, tunanawa mikono, yenyewe bado inafunguka. Watoto wa jirani wenye Four ya kweli walikuwa wanamaliza kuchapa nami sijaanza. Baba akanitazama, akatazama chapa, akaamua mzito ni mimi. "Mashine nimekununulia fahali," alinung'unika, "kichwa nitakununulia wapi?" Nikamwamini. Muda mrefu, rafiki yangu, nilimwamini.

Siku hizi simu yangu inazipita zote mbili zile kwa mbali, haina feni wala haingurumi. Kila uzao mpya wa prosesa umekuja mdogo na kufanya kazi zaidi, na mnada ule wa kupima kwa kiganja hauna tena pa kusimama. Lakini baba bado anaamini alichagua vizuri.

"Imepona?" aliniuliza nikiwa nimeshika bisibisi.

"Vumbi tu, baba."

Jumapili baba mdogo anakuja kula. Atapewa kipande cha kwanza cha nyama, kama kawaida, kwa kuwa ndiye aliyetuletea maendeleo. Kwa mama yao wamebaki wawili tu, na baba hana mtu mwingine wa kucheka naye. Wewe uliyekulia huku, nishauri: nimwambie baba kabla ya Jumapili, au nimsubiri mdogo wake getini, nimwambie aseme mwenyewe?