Mawe Sita Kutoka kwa Kuku

Juzi nilikuwa nikirudi nyumbani Kakamega na mwanangu. Kijana alikaa kiti cha nyuma, akachomeka waya wa gemu yake kwenye kitundu cha gari, kazi ikaisha. Nikamuuliza kama anajua stima ile inatoka wapi hadi ifike mkononi mwake. Akanitazama kwa huruma, akaendelea kucheza. Basi rafiki yangu, kwa kuwa yeye hakutaka kusikia, acha nikusimulie wewe.

Miaka ya tisini nilikuwa msichana wa darasa la sita, nikilelewa na bibi yangu upande wa Sigalagala. Sisi humwita bibi kukhu, na ile kh yatoka kooni taratibu, kama unapuliza chai. Likizo ya Agosti kwetu ilikuwa na desturi yake: asubuhi jua la kuanika mahindi, adhuhuri mawingu yanajikusanya upande wa msitu, na alasiri mvua inashuka bila kumwonea mtu haya. Jumamosi ungesikia filimbi na vumi la watu wakisindikiza fahali kwenda kupigana. Nilivipenda vyote hivyo, ila nilikuwa peke yangu. Nyumba nzima ilikuwa mimi, kukhu na kuku.

Ndipo shangazi akatuletea mwanawe kutoka Nairobi. Shangazi alikuwa amepata kazi ya nyumbani Uarabuni, na mtoto hakuwa na pa kuachwa. Alimwachia begi la nguo na gemu mpya ndani ya boksi lake, ile ya kuunganishwa na televisheni, akampangusa uso, akaenda. Yule mtoto, kaka yangu tangu siku ile, hakulia. Alikaa kwenye kizingiti na boksi mapajani, hasemi, hali. Kukhu alisonga obusuma, ugali wetu, akapika mrenda, akachoma mahindi mabichi hadi harufu ikavuka ua, lakini mtoto alitazama sahani tu. Nyumba haikuwa na stima. Hata ile gemu ilikuwa bubu kama yeye.

Baba mdogo, ambaye siku za wiki alikuwa akiendesha lori la miwa, alikuja akamwona, akatikisa kichwa. "Huyu atakufa njaa hapa, mama. Kama hakulangi, Jumapili nampeleka Nakuru kwa watu wa babake." Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia yote. Ndugu ndiyo kwanza nimempata, hata sauti yake sijaisikia, na tayari anahamishwa! Nikaapa kwamba ile gemu itawaka kabla ya Jumapili.

Baba mdogo alikuwa na gari aina ya stesheni wagoni, limeegeshwa chini ya mparachichi likingoja giaboksi, kuku wakilala chini yake. Gari halikuenda popote, lakini betri yake ilikuwa nzima. Jioni za habari alitoa televisheni yake ndogo ya betri, aliyoiacha chumbani mwa kukhu, akaiunganisha kwa vibanio viwili, nyekundu na nyeusi. Alikuwa na amri moja tu: betri isitoke kwa gari. Nami nikawaza, kama betri haiwezi kwenda kwa televisheni, si televisheni iende kwa betri? Amri haijavunjwa.

Shida ikawa gemu yenyewe. Mgongoni iliandikwa volti tisa, na betri ya gari ni kumi na mbili. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa sayansi, nikamwendea akiwa anakamua ng'ombe. Hakugeuka hata kunitazama. "Kitu kinachotaka tisa ukikipa kumi na mbili, ni kama kulisha mtoto mchanga obusuma. Hesabu mawe."

Mawe, kwetu, ndiyo zile betri kubwa za kutilia redio na tochi. Kila moja lina volti moja na nusu. Nilipiga hesabu njia nzima ya kurudi: sita! Na mle nyumbani mawe yalikuwa manne kwenye redio ya kukhu na mawili kwenye tochi yake.

Siku ya Ijumaa nilimwomba kaka waya wa gemu, ule wenye kichwa cha kuchomeka kwenye stima ya ukutani, nikamweleza kwamba lazima nikikate hicho kichwa. Aliukunjua waya wote, akakipapasa kichwa. Kisha akanipa, na wembe akaniletea yeye. Sijui kama kuna mtu amewahi kuniamini vile tena. Niliweka televisheni kwenye kiti cha mbele, nikapitisha nyaya zake dirishani hadi chini ya boneti, nikatafuta kipande cha mwanzi uliopasuliwa, wa kukingia maji ya mvua, ili mawe yapangwe humo kwa mstari. Mikono ikiwa imejaa, nikampigia kelele: "Enda kwa kukhu, mwambie akupe mawe sita!"

Akaenda. Nikangoja. Mvua ikaanza kudondoka moja moja, na kaka haonekani. Mara nikasikia kukhu akicheka, na kukhu hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nikatoka mbio. Kaka alikuwa ndani ya banda la kuku, amepiga magoti mbele ya tembe mmoja mweusi, changarawe zimejaa mkononi, na kukhu ameshika mlango wa banda asianguke.

"Mwambie tena," kukhu alisema. "Mwambie msichana wangu umetafuta nini."

Na kwa mara ya kwanza nikamsikia. "Si umesema niende kwa kuku aniambie... anipe mawe sita? Kuku amekataa. Nimeokota mwenyewe."

Kwao Nairobi bibi ni shosho, na mawe ni mawe. Maskini, alidhani hivyo ndivyo watu wa huku wanavyofanya mambo yao! Nilicheka hadi mbavu zikauma, naye akatutazama, kisha akacheka pia, pua ikimtoka kamasi. Kukhu alipoelewa mawe tunayoyataka aliingia ndani, akaifungua redio, kisha tochi, kwa mkono wake mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba jioni kuna matangazo ya vifo, naye hayakosi hata siku moja. "Wafu hawana haraka," alisema. "Mwenye njaa ndiye ana haraka."

Alitaka kuona. Akaingia garini, akakaa kiti cha dereva, leso juu ya magoti, mvua sasa inapiga paa. Niliunganisha nyaya za gemu na mawe upande mmoja, kimya. Nikazigeuza. Taa nyekundu ikawaka, na kaka akashika mkono wangu. Tulizungusha kitufe cha televisheni polepole, chenga nyeupe zikapungua, na pale katikati akatokea mtu mdogo anayekimbia, anaruka mashimo.

"Huyu mutu anakimbia nani?" kukhu aliuliza.

"Hakimbii mtu. Anaenda tu mbele."

"Kwao ni wapi?"

Kaka akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaanza kumweleza kuhusu mashimo, kuhusu sarafu za hewani, kuhusu ngome ya mwisho ambayo hajawahi kuifikia, maneno yote aliyokuwa ameyanyima nyumba yakamwagika. Kukhu aliuliza tena na tena, kwa nini hapumziki, kwa nini hanywi maji, nami nikawa natazama mwanzi wangu kwa fahari isiyo na kifani. Baadaye picha ikatetemeka, ikazimika.

"Amekufa?"

"Hapana, kukhu. Mawe yameisha."

Jioni ile tembe mweusi alichinjwa. Kukhu alimwita kaka jikoni, akaipasua firigisi mbele yake, ndani imejaa vijiwe. "Ona! Alikuwa nayo. Alikufichia tu." Kisha akaichemsha, akamwekea kwenye sahani yake peke yake, naye akaila, akaomba obusuma, akaongezwa.

Wewe wa kwetu unajua firigisi, ile imondo yetu, ni ya nani. Ni ya mwenye boma, na pale ilikuwa ya baba mdogo tangu babu afariki. Alipofika Jumapili kumchukua mtoto, akaketi mezani, akaangalia kitoweo tulichokuwa tukikipasha moto tangu Ijumaa, asione firigisi, akauliza iko wapi. Kukhu akamjibu bila kuinua macho: "Imeliwa na mwenyewe. Mutu akikula imondo ya hapa, utampeleka Nakuru kufanya nini?" Baba mdogo alitazama mfupa wake, akatazama begi lililofungwa mlangoni. Akanituma nilirudishe chumbani.

Gari lile liliuzwa kama vyuma vikuukuu. Kukhu tulimzika kando ya banda, na siku hizi stima imefika hadi jikoni, kila mtoto na simu yake na kona yake. Firigisi watu hununua kilo nzima mjini, wanakula waume kwa wake, wala hakuna anayekaribishwa kwayo.

Kaka alikaa nasi miaka mitatu. Shangazi aliporudi, amenenepa, amevaa baibui ya kumetameta, alishuka njiani akikimbia, mikono wazi. Kaka alikuwa akipasua kuni. Aliweka shoka chini, akajifuta mikono, akamwamkia vizuri kwa Kiluhya. Kisha akaingia ndani akamtolea kiti cha wageni, akakipangusa vumbi, akamwambia, "Karibu, mama. Keti, nimwite kukhu."

Shangazi aliketi. Alisema asante.